Jinsi ya Kufukua Kiwanda cha Kale cha Mhunzi Bila Kumwaga Ushahidi Kando ya Shimo

Kila msimu wa kiangazi hali ni ileile. Mwanafunzi anashuka kutoka milimani na gunia la mavi ya chuma (uchafu mgumu unaobaki chuma kikiyeyushwa au kufuliwa), picha mia mbili kwenye simu, na jibu moja kwa kila swali: mhunzi alikuwa hapa. Hapa wapi? Fuawe, lile la kupondea chuma juu yake, lilikaa upande gani wa jiko? Alikuwa akifua majembe mapya au akinyoosha yaliyopinda? Kimya. Udongo ambao ungejibu ulipita kwenye chekeche la milimita 5, ukamwagwa kando ya shimo, na mvua ya vuli ikamaliza kazi.

Mavi makubwa yanakuambia chuma kilipita. Kiwanda chenyewe kimebaki kwenye vumbi. Chuma chekundu kikipigwa nyundo hubanduka magamba membamba kama ya samaki, mengi yakiwa na upana wa milimita 1 hadi 3, na huanguka pale pale mtu anapofanya kazi. Hakuna anayeinama kuyaokota. Yanakanyagwa, yanazama sakafuni, yanakaa. Mwongozo huu wote ni wa kuyafikia hayo magamba yakiwa bado mahali pake.

Mifano yangu ni ya Ugweno, Upare ya Kaskazini, wilaya ya Mwanga, kwenye milima ya ukoo wa Washana, wahunzi ambao chuma chao kilifika hadi kwa Wachaga. Unayechimba Ufipa au Buhaya hatua ni zilezile, isipokuwa hatua ya 6, ambayo Upare ina mtego wake.

## Vifaa

Vya kupimia: vigingi 30, uzi wa ujenzi, tepu ya mita 30 na ya mita 5, timazi, pimamaji, karatasi ya grafu, penseli. Si kalamu, wino hufutika kwenye unyevu.

Vya kuchimbia: mwiko mdogo wa fundi uashi, brashi laini, vijiti vya mianzi vilivyochongwa, kizoleo, ndoo, bomba la kupulizia maji, turubai mbili. Jembe lipo kwa ajili ya hatua ya 4 tu, kisha lirudi kwa mwenyewe.

Vya vumbi: machekeche mawili, la milimita 5 na la milimita 1, sinia nyeupe, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, mizani ndogo ya sonara na nyingine ya jikoni, sumaku, glavu nyembamba za mpira.

Sumaku usiagize mbali. Ing'oe kwenye spika ya redio iliyokufa. Glavu ni ya kuivalisha sumaku, maana ikishika magamba bila kitu katikati utakaa jioni nzima unayakwangua kwa ukucha. Zamani tulitumia mifuko ya nailoni ya dukani, lakini tangu Juni 2019 Tanzania imeipiga marufuku, na glavu inafanya kazi vizuri zaidi hata hivyo.

Vya kuhifadhia: vifungashio vyenye zipu, karatasi ya alumini kwa makaa, makopo yenye mfuniko unaobana, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vinafaa vikikaushwa kwanza.

## Hatua ya 1: Vibali, kisha wazee

Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu kuchimba bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Utahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), kisha barua za wilaya na kijiji. Sheria inataja mwaka 1863 kama mpaka wa vitu vya kale, na wapo wanaosema kiwanda chao ni cha juzi kwa hiyo hakiguswi. Utajuaje ni cha juzi kabla hujachimba? Omba leseni. Kenya mambo yako chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006, na mpaka wa vitu huko ni 1895.

Baada ya karatasi, nenda kwa wazee wa ukoo. Piga shikamoo, kaa, usianze na ramani. Kiwanda cha mhunzi kilikuwa mahali penye heshima na miiko yake, na huenda ukaambiwa kuna siku ya kutochimba au kitu cha kutogusa. Andika, ufuate. Faida nyingine ni ya kikazi: wazee wanajua mengi yasiyoonekana juu ya ardhi. Mzee mmoja alinitembeza mbali na lundo ambalo nilikuwa nimeshalipigia vigingi, akanieleza kwamba mhunzi hakai juu ya mavi yake. Lundo ni jalala. Kiwanda tulikikuta kama hatua ishirini kutoka pale, chini ya migomba, ambako juu hapakuonekana kitu.

Umekamilisha hatua hii ukiwa na leseni mkononi, mwenye shamba amekubali kwa maandishi, na kuna mtu wa ukoo atakayekuja shimoni.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni kufua, si kuyeyusha

Kuyeyusha mchanga au mawe ya chuma ni kazi moja. Kufua chuma kilichokwisha kupatikana ni nyingine. Mara nyingi zilifanyika mahali tofauti, na uchimbaji wake haufanani.

Tembea juu ya ardhi polepole, asubuhi jua likiwa chini, usiokote kitu. Kwenye kuyeyusha utaona mavi mengi mno, mengine yenye mikunjo ya kitu kilichotiririka kama uji mzito, pamoja na vipande vingi vya mabomba ya udongo ya mvukuto, kifaa cha kupulizia moto. Kwenye kufua mavi ni machache, na umbo lake la kawaida ni kitumbua ambacho hakikugeuzwa: chini mviringo, juu bapa au pamebonyea kidogo. Hukua chini ya moto wa mhunzi, mbele ya bomba la hewa. Vingi vinatosha kiganjani.

Onyo: kitumbua kimoja si ushahidi. Watu huokota mavi kujengea kingo za mifereji na kuzibia matope mlangoni. Tafuta angalau viwili vitatu karibu karibu, pamoja na udongo uliogeuka kioo cha kijani au cheusi kwa moto.

## Hatua ya 3: Piga gridi, na usiamini dira

Tandaza miraba ya mita 1, kila mmoja ugawe mara nne, yaani vimraba vya sentimita 50 kwa 50. Kiwanda kidogo cha kibanda kimoja huenea kwenye mita 5 kwa 5, hivyo jiandae kwa vimraba 100. Najua ni vingi. Ukipanua vimraba ili upumzike, fuawe na jiko vitaangukia katika kimraba kimoja na hutaweza kuvitenganisha.

Kila kimraba kipe herufi na namba, kwa mfano C7, na usibadilishe katikati ya msimu.

Sasa dira. Karibu na lundo la mavi sindano hukengeuka, na dira ya simu ni mbovu zaidi kwa sababu nayo inasoma sumaku. Nimeona ramani mbili za eneo moja zikipishana kama mtu aliyegeuza karatasi. Pima kaskazini ukiwa umesimama mbali, lenga vigingi viwili virefu, kisha hamisha mstari kwa tepu. Kona ya gridi ipigwe kwa tatu-nne-tano (pembetatu ya mita 3, 4 na 5) kama fundi anavyopiga msingi wa nyumba.

Hakiki: pima pembe hadi pembe, pande zote mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 2, ng'oa vigingi uanze upya.

## Hatua ya 4: Toa udongo wa shamba

Sentimita 15 hadi 20 za juu zimeshageuzwa na majembe miaka mingi. Humu vitu havipo mahali pake tena, hivyo unaweza kwenda haraka kidogo: jembe dogo, kwa ubapa, sentimita 5 kila mkupuo. Chekecha kwa milimita 5. Hata hivyo chukua sampuli ya kikombe kutoka kila mraba wa mita 1, kwa sababu magamba yaliyopandishwa na majembe na mchwa huonyesha kivuli cha kiwanda kilicho chini.

Weka jembe chini mara tu udongo unapobadilika: unakuwa mweusi zaidi, mgumu chini ya mwiko, na mwiko unatoa sauti ya kukwaruza kama unaparua sufuria yenye ukoko. Ukoko wenyewe ni kweli upo. Magamba yaliyopata kutu hushikana na udongo yakawa tabaka gumu. Wachimbaji wapya huliona kama mwamba wakalivunja kwa sururu. Hiyo ndiyo sakafu!

## Hatua ya 5: Sampuli za sakafu

Safisha uso wote wa sakafu kwa mwiko na brashi kabla ya kuchukua chochote. Nyunyiza maji kidogo, yaani ukungu, si mvua. Rangi zitajitokeza kwa dakika chache: duara jekundu la udongo ulioungua, weusi wa makaa, madoa ya mashimo ya miti. Piga picha saa hiyo hiyo na uchore. Mchana wa saa saba huoni kitu. Fanya kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kisha kila kimraba kitoe nusu lita ya udongo, kina cha sentimita 2, kutoka katikati ya kimraba. Kiasi kiwe kimoja kila mahali. Lebo mbili: moja ndani ya kifungashio, moja nje. Ya ndani itakuokoa siku panya watakapotembelea stoo.

Usichekeche sampuli hizi shimoni, na usizioshe. Maji yatazitia kutu.

Jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: sampuli za kulinganishia. Chukua tatu nje ya kiwanda, kama mita 30, upande wa *juu* wa mlima. Upande wa chini mvua imeshaburuta magamba hadi huko, na utalinganisha kiwanda na kiwanda.

## Hatua ya 6: Sumaku, na mtego wa Upare

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha sumaku kwenye sampuli, ikatoka na ndevu nyeusi, nikaandika kwa furaha kwamba magamba yamejaa kila kimraba. Mwalimu wangu hakusema neno. Alinipa sumaku ileile, akaniambia nikaipitishe kwenye mchanga wa kijito kilicho bondeni. Ikatoka na ndevu zilezile.

Mchanga wa vijito vya Upare una chembe za magnetaiti, madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku, na hizo ndizo wayeyushaji walizokusanya kupata chuma chao. Sumaku haitofautishi mchanga wa Mungu na kazi ya mhunzi. Tena udongo mwekundu ukiungua nao huvutwa. Kwa hiyo gramu peke yake hazitoshi. Lazima uangalie kwa jicho.

Fanya hivi:

1. Kausha sampuli kivulini siku moja au mbili. Udongo wenye unyevu hushikana na magamba yakabaki ndani ya madonge.
2. Ipitishe kwenye chekeche la milimita 5. Kilichobaki juu kiangalie kwa mkono, huenda kuna mavi madogo au kipande cha chuma. Kilichopita, pima uzito wake.
3. Kitandaze kwenye sinia, tabaka jembamba, unene usizidi punje ya mchele.
4. Visha sumaku glavu, ipitishe kwa juu, kama sentimita 1, bila kugusa. Ukigusa inaburuta na vumbi lisilohusika.
5. Peleka juu ya karatasi, vuta sumaku kutoka ndani ya glavu. Kila kitu kinaanguka chenyewe. Rudia hadi sumaku itoke tupu.
6. Pima kilichovutwa. Kisha kitikise kwenye chekeche la milimita 1 na ushughulike kwanza na kilichobaki juu yake, maana ndicho kinachoonekana vizuri.
7. Chukua chembe 100 bila kuchagua, weka chini ya lenzi, uhesabu aina.

Gamba ni bapa, jembamba, la kijivu chenye mng'ao wa bluu likiwa zima, hudhurungi likiwa na kutu. Libane kati ya kucha mbili: linakatika *tik*, kama ganda la yai la mjusi. Magnetaiti ni chembe nene, nyeusi, yenye pembe au iliyoviringwa na maji. Kucha itaumia kabla yake. Udongo ulioungua ni mwekundu na unasagika.

Aina ya nne ni ndogo na tamu: vidonge vya mviringo kama mbegu za mchicha, vingi vikiwa na uwazi ndani. Hivi huruka chuma kinapounganishwa kwa chuma kwenye joto kali, au donge jipya kutoka tanuri linapokandamizwa kutoa mavi. Kimraba chenye vidonge vingi kinakuambia hapakuwa mahali pa kunyoosha majembe tu.

Mfano wa hesabu. Kimraba D5: uzito wa udongo gramu 620, kilichovutwa gramu 31. Hiyo ni gramu 50 kwa kilo. Katika chembe 100, magamba 40. Kwa makadirio magamba ni gramu 20 kwa kilo. Ni makadirio kweli, maana gamba moja si uzito sawa na chembe moja ya mchanga, lakini vimraba vyote vikihesabiwa namna moja vinalinganishika.

Jaza namba kwenye karatasi ya grafu, tia rangi: kadiri magamba yanavyozidi ndivyo rangi inavyokoza. Kazi imefaulu ikiwa sampuli za kulinganishia zimetoka karibu tupu za magamba (hata kama sumaku ilijaa!) na ramani ina kitovu kimoja au viwili. Ikiwa rangi ni moja kote, ama sakafu imevurugwa ama ulihesabu mchanga. Rudi kwenye lenzi.

## Hatua ya 7: Jiko

Usilipasue kama papai. Kata nusu tu. Toa udongo wa nusu moja, tabaka kwa tabaka, hadi uone ukuta uliosimama, uchore, ndipo utoe nusu ya pili.

Soma rangi kutoka ndani kwenda nje: kijivu au cheusi karibu na moto, kisha wekundu unaofifia. Upande ulioyeyuka kuwa kioo ndio ulioelekea mvukuto. Hilo linakupa mahali alipokaa mvukutaji, hata kama viriba vya ngozi vilioza zamani.

Bomba la udongo likiwa bado mahali pake, una bahati. Kabla ya kulitoa, pima mwinamo kwa protrakta na timazi, kipenyo cha ndani, na umbali wa mdomo kutoka chini ya jiko. Likishatoka, mwinamo haurudi.

Onyo: kama kuna mpango wa kupima umri wa jiko kwa usumaku wa udongo wake, sumaku ya spika isikaribie shimo kabisa hadi mtaalamu achukue sampuli.

## Hatua ya 8: Fuawe

Rudi kwenye ramani. Kitovu cha magamba kikiwa hatua moja au mbili kutoka jikoni, umepata fuawe au mahali lilipokuwa. Chuma kinapoa haraka, mtu hawezi kutembea nacho.

Kama ni jiwe na bado lipo, litakuwa limezama nusu, juu laini lenye michubuko, pengine madoa ya kutu. Usiling'oe kuangalia chini! Lichore, lipige picha pande nne, chukua sampuli za magamba kulizunguka kila sentimita 25. Kama halipo, tafuta shimo lake: udongo laini, wenye rangi tofauti, kuta zilizoshikana. Mafuawe huhamishwa, ni mali ya ukoo, na jiwe unalolitafuta linaweza kuwa limekaa uani kwa mjukuu. Uliza.

Kwenye ramani angalia pia mahali *pasipo* na kitu. Karibu na kitovu mara nyingine kuna kimraba chepesi, kama mwanya kwenye meno. Huenda magamba hayakufika pale kwa sababu mtu alikuwa amesimama au ameketi akiyakinga. Andika "huenda", maana mzizi wa mgomba nao unaacha mwanya.

## Hatua ya 9: Makaa na chuma

Makaa yachukuliwe kwa mwiko safi, yafungwe kwenye alumini, kila kipande na kina chake. Chagua vijiti vyembamba. Gogo la mti mkubwa linakupa umri wa mti uliokwisha kuishi miaka mingi kabla ya kukatwa. Na usitarajie makubwa: kwa kipindi cha kuanzia kama mwaka 1650 hadi 1950 kipimo cha kaboni hutoa majibu yanayotawanyika karne nzima na zaidi. Kwa viwanda vya wakati huo shanga moja kutoka pwani, au kumbukumbu ya wazee kuhusu nani alifua enzi za nani, hubana miaka kuliko maabara.

Vitu vya chuma usivioshe, usikwangue kutu. Ndani ya donge la kutu jembe linaweza kuwa limebaki umbo tu, na eksirei italionyesha. Kikaushe kivulini, weka kwenye kopo na silika, badilisha silika ikilowa. Mavi yote yapimwe uzito kwa aina, vitumbua vipimwe kimoja kimoja.

## Hatua ya 10: Kufukia

Maliza kabla ya mvua. Kwa Upare chimba Juni hadi Septemba. Ukianza Oktoba vuli itakufukia wewe.

Tandaza mchanga safi sentimita 5 juu ya sakafu, mchanga wa mtoni ila si wa kijito chenye weusi. Tupia sarafu ya mwaka huo ili atakayefika baadaye ajue ulipoishia. Rudisha udongo kwa mpangilio, wa chini chini, wa juu juu, ushindilie kila sentimita 20, la sivyo masika yatafanya dimbwi.

Vitu vyote vilivyochimbuliwa na orodha yake vinakwenda panapotajwa kwenye leseni. Ripoti moja ipelekwe Idarani, na nakala ya ramani ya rangi mpe yule mzee. Ataiangalia kidogo tu, kisha ataweka kidole mahali ambapo wewe ulitumia wiki tatu kupahesabu, na mwenye shamba atauliza kama sasa anaweza kurudishia magimbi yake.